Sifa na Kipimo: Albamu ya Ceasefire Ikitazamwa kutoka Munuki

Albamu ya Ceasefire, iliyotolewa mwaka 2005 na rapa Emmanuel Jal kwa ushirikiano na mwimbaji na mpiga udi Abdel Gadir Salim, hutajwa mara nyingi kama mfano bora wa muziki unaojenga amani. Hoja ya makala haya ni kwamba sifa hiyo imezidi kiasi katika upande mmoja na kupungua katika upande mwingine.

Msingi wa sifa unafahamika. Jal ni Mnuer, Mkristo kutoka kusini, aliyewahi kuwa askari mtoto. Salim ni Mwislamu kutoka Kordofan. Mkataba wa Amani wa Kina ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na albamu ikafuata mwaka huohuo. Wahakiki wa Ulaya wakaona ndani yake Kaskazini na Kusini zikipatana.

Usomaji huo una kasoro mbili. Kwanza, wasanii hawa hawakuwa mahasimu. Mwaka 1994 Salim alijeruhiwa kwa kisu katika shambulio kwenye klabu ya wanamuziki mjini Omdurman, ambamo mwimbaji Khogali Osman aliuawa. Kumfanya mwakilishi wa upande uliompiga vita Jal ni kusahau kwamba yeye mwenyewe aliumizwa na chuki dhidi ya wanamuziki. Pili, mpasuko uliosifiwa kwamba umezibwa sio uliokuja kuangamiza watu baadaye. Tarehe 15 Desemba 2013 vita vilizuka Juba, na katika siku zilizofuata raia Wanuer waliuawa na vikosi vya serikali katika mitaa kadhaa, Munuki ukiwa mmojawapo. Anayeisikiliza Ceasefire akiwa Munuki anakutana na amani baina ya Khartoum na Juba. Amani baina ya jirani na jirani haimo katika sifa zake.

Je, lawama hii ni ya haki? Hakuna albamu inayoweza kudaiwa kuzuia vita. Lakini waliodai kwamba inajenga amani ndio waliochagua kipimo hicho, na ni halali kuwapimia kwacho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tembo halikutiwa maji na mgema, bali na wanywaji waliolisifia ladha lisilokuwa nayo.

Upande uliosahauliwa ni lugha. Katika wimbo wa Gua, uliompa Jal umaarufu nchini Kenya, Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer vinakaa pamoja. Mchanganyiko huo ni zao la uhamisho: Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na Wasudan Kusini wengi walijifunza Kiswahili Kenya na Uganda kabla ya kurejea. Kidinka na Kinuer kukaa kinywani mwa mtu mmoja ni jambo zito zaidi, baada ya 2013, kuliko udi na ufokaji kukaa katika santuri moja. Hilo halikuwashughulisha sana wahakiki, pengine kwa sababu kwao lugha zote hizo zilikuwa sauti tu.

Kwa hiyo, kama ishara ya upatanisho wa kitaifa, Ceasefire imesifiwa kupita kiasi. Kama ushahidi wa jinsi vijana wa Sudan Kusini walivyojenga usemi wao kwa lugha nyingi, haijasifiwa vya kutosha. Tofauti hii inawahusu washauri wa sera. Kundi la Ana Taban, lililoundwa na wasanii mwaka 2016, lilijichagulia jina la Kiarabu lenye maana ya "nimechoka", linaloeleweka na Mdinka, Mnuer na Mbari vilevile. Mpango wa utamaduni unaotafuta wasifu wa kusisimua wa msanii mmoja utarudia kosa la 2005. Unaouliza wimbo unaeleweka na nani, na katika mtaa upi, utakuwa umeanza mahali panapostahili.