Mche wa Aida

Henning Mankell wengi tunamjua kwa riwaya za upelelezi. Hiki chake cha 2003 (kwa Kiingereza, I Die, but the Memory Lives On) ni kijitabu tu, kuhusu wazazi wa Uganda wenye ukimwi wanaowaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: picha, majina ya mababu, mama alipenda nini. Kina mama wa NACWOLA ndio walioieneza kazi hiyo huko.

Kitamu zaidi ni pale kwa Aida, binti anayemwonyesha mgeni mche wa mwembe anaoutunza kwa siri. Mankell hapo ananyamaza, anaangalia. Kwingine anahubiri mno, manake yeye mwenyewe amejaa kwenye kurasa.

Ila kumbukumbu zote humo zinashuka, mzazi kwa mtoto. Je, akitangulia mtoto? Kwenye hospisi za watoto Uingereza huchovya kiganja kwenye rangi, wakakigonga karatasini, kikawekwa sandukuni. Huku Likoni nguo zinagawiwa upesi, na mama anaambiwa asilie, yule ni malaika. Kusema kweli, sijui ni faraja au ni kuzibwa mdomo.

Jirani yetu alificha kandambili moja, ya kushoto. Nilipomsimulia kitabu hiki, aliuliza kitu kimoja tu: lazima uwe unajua kuandika? Sasa yeye anasema, mimi naandika. Tuko ukurasa wa tatu, mtoto anaogopa honi ya feri. Mumewe akirudi kazini, daftari linaenda chini ya godoro.