Grenda Kwenye Bonde la Paa: Uchambuzi wa Ukataji wa Bati la Rangi

Bati la rangi halikatwi kwa grenda, na fundi anayelikata kwa chombo hicho akiwa amesimama juu ya paa ambalo sehemu yake imekwisha kuezekwa hutenda makosa mawili kwa mkupuo mmoja, kwani huunguza ukingo wa bati alilolishika na papo hapo huyamwagia cheche za moto mabati mazima yaliyolala chini yake. Hilo ndilo lililotendeka katika kazi ya kuezeka nyumba ya paa la miteremko minne ambayo video yake imepita katika simu za mafundi na wenye nyumba wengi, na ambayo imesifiwa kupita kiasi. Sifa zake za haki zinajulikana kwa kila aliyeitazama: kenchi zilisimama wima, papi zilipigiliwa kwa nafasi sawa, safu ya kwanza ya mabati ilinyooshwa kwa uzi, na skrubu zilikazwa bila kuiponda mipira yake. Yote hayo yalifanywa vizuri, na thamani yake ilipotea kwenye bonde.

Bonde, kwa lugha ya waezekaji, ni ule mstari wa ndani ambapo miteremko miwili ya paa hukutana na kuyapeleka maji yake katika mfereji mmoja wa bati uliolazwa chini, na kwa kuwa mstari huo hukatiza upande, kila bati linaloufikia halina budi kukatwa hanamu, yaani kwa mshazari, badala ya kukatwa sawasawa kama linavyokatwa kwenye ncha yake ya chini. Hadi kufika hapo fundi alikuwa akitumia mkasi wa bati, tena akikatia chini, juu ya mbao mbili zilizolazwa sambamba, na mikato yake ilikuwa safi. Lilipofika bati la kwanza la bonde aliuweka mkasi juu ya papi, akaagiza grenda ipandishwe pamoja na waya wake mrefu wa umeme, akalilaza bati zima mahali pake likiwa limeuvuka mstari, kisha akalikata hapo hapo lilipolala kuanzia juu kuelekea chini, likafuata jingine na jingine hadi bonde lote likaisha.

Sehemu hiyo ya video inastahili kutazamwa polepole. Diski inapoligusa bati, rangi ya kijani iliyo kando ya mkato huvimba kama ngozi iliyoungua, hugeuka nyeusi, kisha hubanduka, na nyuma ya diski hubaki utepe mwembamba wa chuma wenye rangi ya samawati, ambayo kila mfua chuma huitambua kuwa ni alama ya joto kali. Cheche nazo hutawanyika mbele ya diski kama kuti la mnazi, hufuata mteremko na kutua juu ya mabati ya safu zilizotangulia, ambako baadhi huzimika zikiteleza na baadhi huganda pale pale zilipoangukia. Fundi anapomaliza hupitisha kiganja juu ya bati kama afutaye vumbi, na kazi huendelea. Kiganja hakiwezi kukiondoa kitu ambacho kimekwisha kuzama ndani ya rangi.

Ubaya wa jambo hili haueleweki bila kujua bati la rangi limeundwa kwa tabaka gani. Kiini chake ni chuma chembamba, ambacho kwa bati la geji 28 kina unene wa takribani milimita 0.4, juu ya chuma hicho, pande zote mbili, umeganda utando wa madini, ambao katika mabati mengi ya siku hizi ni mchanganyiko wenye alumini kwa asilimia 55 ya uzito wake na zinki kwa sehemu kubwa ya kiasi kinachosalia, juu ya utando huo hupakwa rangi ya msingi, na mwisho rangi yenyewe inayoonekana, ambayo hukaushwa kiwandani katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 200. Utando wa madini una unene wa mikroni 20 hivi kwa kila upande katika bati lililopakwa kwa ukarimu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Uhai wote wa paa umo katika unene huo. Chuma kilichovuliwa utando wake kwa upana mkubwa hakina ulinzi wowote mbele ya unyevu.

Wazo la kukivika chuma vazi la madini lina historia ndefu. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati lenye mikunjo mjini London mwaka 1829, lakini bati lake lilikuwa chuma kitupu kilichotegemea kupakwa rangi mara kwa mara. Ni baada ya Stanislas Sorel wa Ufaransa kupata hataza ya kuchovya chuma katika zinki mwaka 1837 ndipo bati lilipoanza kuwa ezeko la kudumu, na ni mwaka 1972 kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilipoanza kuuza bati lenye utando wa alumini na zinki kwa pamoja. Juhudi za zaidi ya miaka 100 zililenga jambo moja, yaani kukitenga chuma na maji, na diski ya grenda huzitengua kwa muda usiotosha kuvuta pumzi mbili.

Zinki hukilinda chuma kwa namna ya pekee. Pale bati linapokatwa na chuma kuachwa wazi ukingoni, zinki iliyo jirani, kwa kuwa ni nyepesi zaidi kuliwa na unyevu, huliwa kwanza yenyewe na kukiacha chuma kikiwa kizima, na ulinzi huu wa kujitoa mhanga hufanya kazi ikiwa upana wa chuma kilicho wazi ni mdogo. Mkasi ukikata, upana huo hauzidi unene wa bati lenyewe, na zaidi ya hapo meno ya mkasi huuburuta utando kidogo hadi juu ya mkato, hivyo jeraha hujifunika kwa sehemu. Grenda hufanya kinyume chake. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907, ilhali chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye diski huwa zinaungua kwa joto linalovuka nyuzi 1,000, na kwa hiyo utando ulio kando ya mkato huungua na kurudi nyuma, ukiacha utepe mtupu ambao zinki iliyobaki iko mbali nao mno kuweza kuulinda.

Cheche ni tatizo la pili, na pengine ndilo kubwa zaidi kwa kuwa huenea mahali ambapo hapana mtu aliyekusudia kukata kitu. Kila cheche ni chembe ya chuma kisicho na utando, iliyo moto kiasi cha kuyeyusha rangi inapotua, na inapopoa hubaki imejishindilia ndani ya shimo iliyojichimbia. Umande wa usiku mmoja watosha kuigeuza kutu. Mwanzoni huonekana doa dogo la kahawia ambalo wengi hulidhania kuwa uchafu, lakini chini ya doa hilo rangi imekwisha kutobolewa, na kutu iliyokaa hapo hushika unyevu muda mrefu baada ya sehemu nyingine ya paa kukauka. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako upepo wa baharini hubeba chumvi, mwendo huo huwa wa kasi zaidi. Watengenezaji wengi wa mabati huandika wazi katika masharti ya dhamana zao kwamba bati lililokatwa kwa diski ya kusaga halidhaminiwi, na mwenye nyumba huyasoma masharti hayo siku anapokwenda kulalamika.

Kosa la bonde halikuishia hapo. Baada ya kuona kingo zimeungua, fundi alizipaka silikoni kutoka kwenye mrija, na watazamaji wengi waliihesabu hatua hiyo kuwa ni umakini. Haikuwa umakini, kwa sababu silikoni ya bei nafuu, ile inayotoa harufu kali ya siki inapokauka, hutoa asidi, na asidi hiyo huila zinki ile ile ambayo mpakaji anadhani anailinda. Ipo silikoni isiyo na asidi, na hiyo ndiyo inayofaa kwa bati, lakini hata hiyo ni ya kuziba nafasi kati ya vitu viwili. Si dawa ya ukingo uliounguzwa. Vivyo hivyo, rangi ya kopo inayopakwa kwa brashi juu ya kovu hukaukia hewani, hupauka tofauti na rangi iliyookwa kiwandani, na baada ya misimu michache ya jua humwonyesha kila mpita njia mahali fundi alipokosea.

Njia iliyo sahihi haina siri. Bati hupimwa juu ya paa na kukatwa chini. Mstari wa bonde huhamishiwa kwenye bati kwa vipimo viwili, kimoja cha ukingo wa kulia na kimoja cha ukingo wa kushoto, kisha huunganishwa kwa uzi wa chaki, na hapa pana jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza: penseli ya kawaida haifai kuchora juu ya bati la utando wa alumini na zinki, kwa kuwa mstari wake ni grafiti, na grafiti ikilowa pamoja na utando huo huanzisha kutu inayofuata mchoro wenyewe. Chaki au kalamu ya wino hutosha. Mkasi nao una upande wake, kwani upo unaopinda kushoto, ambao kwa desturi mpini wake ni mwekundu, upo unaopinda kulia wenye mpini wa kijani, na upo wa kunyoosha wenye mpini wa manjano. Fundi mwenye mkasi mmoja tu hulazimika kulikunja bati ili kuufuata mstari, na mkunjo huo hupasua rangi.

Mkato laini hutokana na kutoufunga mkasi hadi mwisho. Meno yakikutana kabisa kwenye ncha, kila funga huacha jino dogo ukingoni, na ukingo mzima huwa kama msumeno. Fundi mzuri hukata kwa sehemu ya katikati ya meno, huyaacha yakiwa wazi kidogo, husogeza mkasi mbele na kuendelea, hivyo mkato huwa mmoja usio na kituo. Ni kweli kwamba mkasi husumbuka unapoukata kwa hanamu mgongo uliosimama wa bati la migongo liitwalo msauzi, na hoja hiyo ndiyo pekee yenye uzito upande wa watetezi wa grenda. Jibu lake ni nibla, chombo cha umeme kinachodonoa bati vipande vidogo vyenye umbo la mwezi mchanga bila cheche na bila joto la kuunguza, na ambacho hupanda na kushuka migongo ya bati bila kuhangaika. Vipande hivyo navyo hufagiliwa kwa brashi laini kabla jua halijazama, kwa kuwa chuma kilichoachwa juu ya bati usiku hushika kutu hata kama hakikuwa cha moto.

Watetezi husema pia kwamba grenda huokoa muda. Muda unaookolewa kwenye bonde moja ni wa dakika kadhaa kwa kila bati, na paa linalozungumzwa linatarajiwa kukaa miongo kadhaa, kwa hiyo hoja hiyo haina mizani. Tena wanaoitoa wamesahau kwamba mafundi waliowatangulia walikata mengi zaidi kwa vyombo vichache zaidi. Mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wale wa Kamukunji mjini Nairobi, ambao masanduku yao ya bati yaliwapeleka watoto wa shule za bweni kwa vizazi, walikata kwa mkasi wa mkono, tindo na nyundo, na kingo zao walizikunja ndani ili zisimkate mtoto wala zisikutane na maji. Wenzao wa Shauri Moyo, pia mjini Nairobi, waliolivika bati jiko lenye kiini cha udongo lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, walikata miduara na mishazari siku nzima chini ya jua kutoka kwenye mapipa makuukuu, ambayo chuma chake ni kinene kuliko bati lolote la geji 28, na mikato yao ilikutana bila kuhitaji mrija wa silikoni. Fundi mzee wa aina hiyo aliuheshimu ukingo kwa sababu alijua kutu huanzia hapo. Elimu hiyo haikuwa ya kizamani. Ndiyo iliyokosekana juu ya bonde lile.

Video yenyewe imetoa ushahidi wake. Picha ya mwisho, iliyopigwa siku chache baada ya kofia ya paa kufungwa na mvua ya kwanza kupita, inaonyesha paa lote la kijani liking'aa, isipokuwa kando ya bonde, ambako mteremko wa chini umejaa vidoa vya kahawia vilivyotapakaa kwa umbo lile lile la kuti ambalo cheche ziliruka nalo. Mabati hayo hayawezi kurudishiwa utando wake. Yanapaswa kushushwa, na mengine yapandishwe yakiwa yamekatwa chini kwa mkasi au nibla, kwa gharama ya yule aliyeiagiza grenda ipandishwe.