Uhakiki wa Insha: Mavazi ya Mitaani Ufaransa kwa Jicho la Mwanafunzi wa Magara

Miongoni mwa insha tulizopokea kutoka kwa wanafunzi wetu waliokwenda kusoma nje, tumechagua moja kwa ajili ya uhakiki wa toleo hili. Mwandishi wake ni binti wa Magara, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Alikaa Lyon, Ufaransa, kwa mwaka mmoja wa masomo, na alitakiwa aandike kurasa sita kuhusu mavazi ya kila siku ya watu wa mji ule. Hatutamtaja jina, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengine, kama itakavyodhihirika, ni yetu sisi walimu.

Insha hii ina sehemu mbili zisizolingana. Kurasa mbili za mwanzo ni nzuri mno. Mwandishi anaanza na viatu. Anashangaa kuwaona vijana wa Lyon wakivaa raba nyeupe siku za kazi, wakipanda nazo tramu na kurudi nazo nyumbani zikiwa bado nyeupe. Kwao Magara, anasema, nyeupe ni ya Ijumaa au Jumapili, kwa sababu siku nyingine kuna vumbi la barabara, magamba ya samaki na mawese, na doa la mawese halitoki. Kwa jambo hili dogo msomaji anapata miji miwili kwa pamoja: mmoja anaoelezwa, na mwingine anakotoka anayeeleza.

Anaendelea hivyo hivyo. Anaona makoti ya majira ya baridi, meusi na ya kijivu, hata watu kituoni wakamfanana kama watoto wa shule moja. Anaona suruali za jinzi zilizochanwa magotini kwa makusudi, na anajua bibi yake angeuliza sindano iko wapi. Kisha anaingia katika maduka ya nguo kuukuu, ambayo Wafaransa huyaita friperie, na mengine huuza nguo kwa kuzipima uzito. Kule kijana hujisifu kuwa koti lake limekwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Magara anayenunua mtumba huufua, huupiga pasi, na akiulizwa husema ameununua dukani Bujumbura.

Hapa ndipo tulipotamani mwandishi asimame kidogo. Nguo ni ile ile kuukuu, lakini huku ni aibu na kule ni sifa. Kwa nini? Pengine ni kwa sababu kijana wa Lyon angeweza kununua mpya, naye anataka watu wajue kwamba hakutaka. Jambo hili ni zito kwetu. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo 2007, iliazimia kuacha hatua kwa hatua kuagiza mitumba ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate nafasi. Azimio hilo halikutekelezwa kikamilifu. Mwandishi alikuwa na mada hiyo mkononi, akaiacha idondoke.

Kuanzia ukurasa wa tatu, jicho la Magara linafumbwa. Tunasoma kwamba "Wafaransa ni watu wa mitindo" na kwamba "Paris ni mji mkuu wa mitindo duniani". Sentensi hizi zingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kutoka Rumonge. Isitoshe, mwandishi hakuishi Paris. Aliishi Lyon, mji uliofuma hariri kwa karne nyingi, ambako Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo wake maarufu wa kufumia mwanzoni mwa karne ya 19. Insha ya mavazi iliyoandikwa Lyon bila kuitaja hariri ni sawa na insha ya chakula iliyoandikwa Magara bila kuwataja ndagala.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mwandishi anasema kwamba Ufaransa "kila mtu huvaa apendavyo". Lakini yeye mwenyewe, ukurasa wa pili, aliwaona wasichana wakivua ushungi kwenye lango la shule asubuhi na kuuvaa tena walipotoka. Alichokiona kina sababu yake. Sheria ya Machi 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali za msingi na sekondari kuvaa alama zinazoonyesha dini waziwazi. Vyuo vikuu havimo. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku abaya katika shule hizo. Msomaji wa mwambao wetu, wenye Waislamu wengi, angependa sana kuelezwa habari hii. Macho ya mwandishi yalisema kweli. Sentensi aliyoiazima ndiyo iliyomwongopea.

La tatu linahusu vitenge alivyovikuta katika maduka ya mtaa wa Guillotière. Anaviita "vazi letu la asili". Furaha yake tunaielewa. Hata hivyo, vitambaa vya namna hii vilianza kama mwigo wa batiki za Java uliofanywa na viwanda vya Uholanzi, na kampuni ya Vlisco ya Helmond imekuwa katika kazi hiyo tangu 1846. Kitenge ni chetu kwa sababu mama zetu wamekivaa, wamekipa maana, wamebebea watoto ndani yake. Hakihitaji kuzaliwa kwetu ili kiwe chetu.

Sasa tujikosoe sisi. Tunayo rasimu ya kwanza ya insha hii, yenye wino mwekundu wa idara. Mwandishi alipoandika "pantalo", mwalimu alikata akaandika "suruali". "Jipo" likawa "sketi", "basketi" zikawa "raba". Alipoandika kwamba mama yake huvaa "kanzu" ya maua, pembeni tuliweka alama ya kuuliza, kwa kuwa pwani kanzu ni vazi la mwanamume. Lakini kwa Kirundi ikanzu ni gauni, na binti huyu alikuwa anasema alichokijua.

Tujiulize: sketi na gauni zimetoka wapi kama si Uingereza? Fulana je? Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilihusu Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji, na Kifaransa ndicho kilicholeta majina ya nguo katika mwambao huu. Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe. Mtihani unakitaka, na wasomaji wa mbali wanakihitaji. Tunachosema ni kwamba neno la kwao lingebaki, likafuatwa na maelezo mafupi, na msomaji angetajirika.

Tukitazama rasimu ile, wino mwekundu umejaa katika kurasa mbili za mwanzo, zile nzuri. Kuanzia ukurasa wa tatu hakuna alama hata moja. Sentensi zilizokufa zilipita salama, kwa sababu sarufi yake haikuwa na kasoro. Mwanafunzi mwerevu akiona hivyo hujifunza haraka kipi humletea alama.

Tumemwomba aiandike upya, aanze pale kwenye duka la nguo za kupimwa uzito. Safari hii wino wetu utasubiri mpaka tumalize kusoma.