Kukumbuka Kifo katika Visuddhimagga

Wako wadhanio kwamba Mbudha atafakariye kifo amekata tamaa ya kuishi. Kitabu cha Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso, alichokiandika mtawa Buddhaghosa huko Sri Lanka katika karne ya 5 B.K., chakanusha dhana hiyo. Mwandishi aonya kwamba si kila namna ya kukumbuka kifo inayofaa: mama akikumbuka kifo cha mwanawe hulemewa na huzuni; adui hufurahi; mchoma maiti haguswi; mwoga hushikwa na hofu. Wote hao, asema, wamekosa uzingativu, msukumo wa moyo na maarifa. Ndipo afundisha njia 8 za kutafakari, mojawapo ikiwa kukumbuka kwamba hata Budha mwenyewe alikufa.

Uchambuzi huu twausifu. Mfano wa mchoma maiti watuonya hasa sisi wachungaji tuliozoea kuzika. Lakini juu ya yule mama hatukubaliani naye. Huzuni yake nayo yaujua ukweli wa kifo, kwa kuwa kifo humchukua mtu mwenye jina na mahali pake nyumbani. Tafakari isiyoyapa machozi hayo nafasi ina upungufu.