Mdiria Hewani: Picha Isiyodai Mikono ya Ujana

Picha ninayoichambua leo niliipiga Ziwa Naivasha, nikiwa mwanafunzi wa picha za ndege niliyeanza baada ya kustaafu. Inamwonyesha mdiria mweusi na mweupe akielea juu ya maji, mabawa wazi, mdomo umeelekea chini. Kifuani ana mikanda miwili myeusi, kwa hiyo ni dume. Jike ana mmoja tu, nao hukatika katikati. Wenzangu wa rika langu huiona wakasema hiyo ni kazi ya vijana. Nasema sivyo. Wepesi uliotumika hapo ni wa kamera. Kilichotoka kwangu ni kumjua ndege.

Tuanze na macho. Ukivuka miaka arobaini, kuona vitu vya karibu huanza kuwa shida, na wengi huilaumu lenzi. Kando ya kitundu cha kuchungulia pana kigurudumu kidogo. Vaa miwani utakayopigia picha, elekeza kamera angani, kisha zungusha kigurudumu hicho mpaka tarakimu zilizomo ndani zisomeke vizuri. Usimtumie ndege kama kipimo, maana fokasi yake hubadilika kila mara, tarakimu hazisogei.

Uzito nao una dawa. Lenzi ya milimita 400 huchosha mabega upesi, basi niliilaza juu ya mfuko wa mchele kwenye ukingo wa mashua. Nahodha alizima injini, kwa sababu mtetemo wake hupanda hadi kwenye lenzi.

Mahali palijichagua. Maji ya Naivasha yamepanda sana miaka ya karibuni, na migunga mingi imefia ndani ya ziwa ikiwa bado imesimama. Matawi yake makavu ni vituo vya mdiria: hapo hupumzika, na hapo hurudi kumbamiza samaki kabla ya kummeza.

Sasa mipangilio. Shata niliiweka 1/2500 ya sekunde, tundu la lenzi f/6.3, ISO nikaiachia kamera ichague. Kitulizo cha lenzi hutuliza mkono wa mpigaji tu; bawa la ndege husimamishwa na kasi ya shata. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa huvumilika, lakini bawa lililovurugika halina tiba. Tena maji meusi huidanganya kamera iongeze mwanga, na manyoya meupe yakaungua yasibaki na mstari hata mmoja. Ndiyo maana nilipunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua.

Kiini cha picha ni upepo. Mdiria anapoelea huukabili upepo, mabawa yakipiga kwa nguvu huku kichwa kikitulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Kwa hiyo upepo na jua vikitoka mgongoni mwako, ndege atakuelekea, na uso wake utapata mwanga. Asubuhi ile vilitoka upande mmoja, nahodha akatuweka hapo, nasi tukangoja.

Mdiria akishatulia hewani, weka alama ya fokasi kichwani, washa ufuatiliaji, kisha piga mfululizo papo hapo. Usingoje ajitupe. Kidole cha binadamu, hata cha kijana, huchukua takriban robo ya sekunde kuitikia kilichoonwa na jicho, na katika muda huo ndege ameshatoka kwenye fremu. Picha hii ni moja ya mfululizo ulioanza kabla hajakunja mabawa.

Anayeanza ukubwani asikimbilie kununua lenzi ndefu zaidi. Achague ndege mmoja wa karibu, hata shore wa bustanini, ajue anatua wapi, anaukabilije upepo na jua humfikia saa ngapi. Akishayajua hayo, ataielekeza kamera mahali panapofaa kabla ndege hajafika.