Asiyeamini Naye Apewe Hoja

Vijana wenzangu tunaoandika, tuna ugonjwa mmoja. Kila tukimwingiza asiyeamini katika hadithi, tunamfanya mlevi au msomi mwenye kiburi. Anauliza swali jepesi, mlokole anamjibu kwa aya mbili za Biblia, mara jamaa analia na kuokoka. Sasa huo ni mjadala, au ni ngumi ambazo mmoja kafungwa mikono?

Hebu tumtazame Mrusi Fyodor Dostoevsky, katika riwaya yake ya ndugu wa ukoo wa Karamazov, iliyotoka mwaka 1879 hadi 1880. Humo ndugu wawili wamekaa mgahawani. Alyosha ni kijana wa monasteri. Ivan ni msomi mwenye shaka. Ivan hahangaiki na kama Mungu yupo. Anauliza kuhusu watoto. Anasimulia habari ya jenerali aliyemwachilia mbwa wa kuwindia mtoto wa miaka 8, mbele ya mama yake, kwa kosa la kurusha jiwe lililomuumiza mbwa mmoja mguu. Kama raha ya mbinguni inalipiwa kwa machozi hayo, Ivan anaona kiingilio ni ghali mno.

Mwandishi mwenyewe alikuwa Mkristo, tena wa kutoka moyoni. Mei 1878 alifiwa na mwanawe wa karibu miaka 3, naye aliitwa Alyosha. Kwa hiyo swali la Ivan lilikuwa nyumbani kwake. Bado akampa Ivan maneno yenye makali kweli kweli.

Na Alyosha je? Anasikiliza. Akiulizwa jenerali afanywe nini, linamtoka: apigwe risasi! Hajifanyi malaika. Anapojibu, anamtaja Kristo aliyeteswa bila kosa, basi. Mwisho anambusu nduguye, na Ivan anamtania kwamba kaliiba busu hilo katika kisa alichotoka kumsimulia. Mshindi hakuna, ila udugu umebaki.

Nyumbani, Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari, alimpa Kazimoto wa Kichwamaji (1974) nafasi ya kusema shaka zake.

Utasema: hoja nzito namna hiyo si zitampoteza msomaji? Huenda. Lakini msomaji aliyewahi kuzika mtoto hadanganyiki kwa majibu ya mkato. Anajua mara moja kuwa hatukumsikiliza, na gazeti analifunga.

Basi kabla hujamwandikia muumini wako jibu, mwandikie kwanza yule mwingine swali linalokunyima usingizi wewe mwenyewe.