Pongezi kwa Msomaji wa Katha

Ukitoka Buxton ukaipita Tononoka, hukawii kufika barabara ya Haile Selassie, lilipo hekalu la Swaminarayan lenye kuta zilizochorwa visa vya dini. Wahindu wa Mombasa wamevirithishana visa hivyo kizazi baada ya kizazi, na pongezi zangu ni za msomaji wa katha, yaani usomaji wa visa hivyo mbele ya waumini.

Kazi yake si ndogo. Huketi mahali palipoinuka, kitabu kikiwa kwenye marfaa, akasoma beti kwa mahadhi, kisha akazifafanua kwa Kigujarati hadi bibi na mjukuu waelewe. Ramayana, utenzi wa Valmiki, ina beti kama 24,000: Rama afukuzwa kwao, mkewe Sita atekwa na Ravana, Hanuman aruka bahari kumtafuta. Mahabharata ni ndefu zaidi, na ndani yake mna Bhagavad Gita, beti 700 tu, Krishna akimpa moyo Arjuna aliyesita kupigana na jamaa zake. Veda nne, maandiko makongwe kuliko hayo yote, zilihifadhiwa vifuani karne nyingi kabla ya kuandikwa. Sisi Waislamu, wenye mahafidhi wa Kurani, twaijua thamani ya kazi hiyo.

Bhagavata, kitabu cha visa vya Krishna, husomwa kwenye katha siku saba mfululizo. Jirani akikualika, nenda. Vua viatu mlangoni, keti, usikilize.